Mbinu za Kufeli Mtihani wa Mapafu

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya mwisho! Miaka mitatu ya kusomea udaktari bingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi, kwisha. Mtahini wa nje ameshafika. Nikifaulu, naondoka. Hospitali ya kwetu haina daktari wa mapafu, na mama ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anarudi. Mwenyewe anakohoa tangu mvua zilizopita.

Lakini nitaiachaje wodi hii? Birika lisilo na mfuniko. Kiti kinachopepesuka. Muuguzi mkuu, tunayemwita Shangazi, akitufokea tunawe mikono. Roho inaniuma. Nimepata mbinu: nitafeli! Nitarudia mwaka mzima hapahapa. Mama atavumilia kidogo.

Jumanne, 4 Juni
Mtihani wa mdomo. Mtahini kauliza, mgonjwa anapigana na mashine ya kupumulia, utaanza na nini? Wenzangu wote walitaja dawa za usingizi. Mimi nikasema sitoi dawa, namshika mkono kwanza, tunapumua pamoja. Jibu bovu kabisa!

Nililitoa wapi? Wiki yetu ya kwanza Profesa, mkuu wa wodi, alitufunga barakoa za mashine hiyo, mmoja mmoja, tujue mgonjwa anavyojisikia. Nilidhani nakata roho. Aliyenishika mkono ni mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Miwani, mpinzani wangu tangu siku hiyo. Akanicheka pia, mshenzi yule. Siku zile bwana!

Mtahini kafurahi mno. Eti hatimaye mtu aliyeanza na mgonjwa. Alama za juu. Miwani kaninunia.

Jumatano, 5 Juni
Kupitisha kamera mapafuni, kwenye sanamu ya mazoezi. Nikaamua kujikokota, muda uniishie. Nasimama, naiomba radhi ile sanamu, naipa pole, nauliza kama inaumia. Shangazi akaguna. Mtahini akasema hajapata kuona mikono yenye utu namna hii.
Mkosi gani huu!

Alhamisi, 6 Juni
Leo mtahini anapita vitandani nasi. Nikajificha stoo ya mashuka. Asiyetokea atapewaje alama? Mle kunanukia sabuni ileile ya siku yangu ya kwanza. Machozi yakanilenga.

Mara kengele ya mashine, kitanda cha dirishani. Miguu ikatoka yenyewe. Bomba la hewa la mzee limeziba kwa makohozi. Nikayanyonya kwa mpira wa mashine, akatulia. Nageuka: mtahini, Profesa, Miwani, wote wananitazama. Nina shuka begani!

Profesa akanivuta pembeni. Akasema mbinu zangu ameziona zote, na nisijisumbue: yeye anastaafu, Shangazi anahamishwa, Miwani anakwenda zake, na birika limetupwa asubuhi. Wodi ninayoililia haipo tena, akasema, ila mama yangu yupo. Nikalia kweli, mbele ya Miwani. Akanishika mkono. Safari hii hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefaulu. Wa kwanza! Mama kapiga simu, anacheka na kukohoa kwa pamoja. Kesho namsikiliza mapafu mwenyewe. Profesa kasema kweli tupu. Nimemwelewa. Nimekuwa mtu mzima.

Ila stethoskopu niliiacha juu ya kabati la chai. Makusudi. Daktari wa mapafu bila stethoskopu? Ningelazimika kurudi kuifuata. Shangazi akanikimbilia nayo mpaka getini, anahema.

Sawa. Mwavuli hawajauona.