Mbegu Mbili, Yai Moja: Uzinduzi wa Maabara ya Mtoni

Waheshimiwa wageni waalikwa, mkiongozwa na mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mapokezi. Viongozi wa dini, msikiti na kanisa kwa pamoja. Wajumbe wa mtaa. Kikundi cha matarumbeta. Mabibi na mabwana mliokaa na mliokosa viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo mimi, Kornelio, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Maabara ya Kromosomu hapa Mtoni, baada ya fizibiliti stadi saba za upembuzi yakinifu, warsha kumi na nne za mastekiholda, yaani wadau, na safari ya mafunzo iliyoninyima usingizi, nimebaini, narudia, nimebaini binafsi, kwamba asilimia mia moja ya watu walio chini ya turubai hili walitokana na yai. (Vicheko. Anasubiri makofi.)

Daktari Ansbert, niliyempa dakika mbili akazipoteza kwa kutuelimisha, amesema yai linaleta kromosomu ishirini na tatu, mbegu ya baba ishirini na tatu, jumla arobaini na sita, kisha yai linafunga mlango. Lakini kuna siku mlango unachelewa, mbegu mbili zinaingia, kromosomu zinafika sitini na tisa, na mimba za hivyo karibu zote hutoka zenyewe. Hata ng'ombe na panya yanawakuta. Huo, ndugu zangu, ni udhaifu wa ulinzi getini, na nimeshaagiza kwa maandishi kwamba yai litakalozembea lichukuliwe hatua! (Akina mama wanaguna.)

Simama, Atuganile, usione aibu. Huyu zimemtoka mimba tatu, na mama mkwe wake, Mama Brightson, huyu hapa mbele, ameapa kwamba mashine yetu ya kupima kromosomu ikisema kosa ni lake, anamrudisha kwao Tukuyu. (Minong'ono.)

(Daktari Ansbert, bila kipaza sauti: "Mama, hili si kosa la mtu! Linatokea tu!")

Daktari, dakika zako ziliisha.

(Atuganile: "Shikamoo, mheshimiwa. Mie naomba tu kujua hiyo mashine iko mlango upi.")

Marahaba, mwanangu. Swali la kitaalamu kabisa, na tutaliundia kamati. Nikisema kromosomu, semeni arobaini na sita! Kromosomu! ("Arobaini na sita!" Matarumbeta.)

Nihitimishe kwa shukrani. Naishukuru shule iliyotuazima hii hadubini, inayotakiwa kesho kwenye mtihani. Mwenye uwanja, anayetaka tuondoke saa saba. Na kipekee mchoraji wa bango lililo nyuma yangu, kwani jengo mnaloliona humo, kwa sasa, limo humo tu.

(Mama Brightson anajifunga khanga vizuri: "Mie nilikuwa nasubiri mashine. Kama haipo, basi. Twende ukafungashe, unarudi kwenu." Atuganile anaokota mkoba wake, analia.)

Mmeona, ndugu wananchi? Hata tofali la kwanza halijawekwa, na mradi umeshaanza kutoa majibu! Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. (Makofi.)