Barua Zilizosamehewa kwa Mkupuo

Jumatatu, 4 Machi

Tumeuzwa! Mkuu wa Kitengo alituita saa mbili asubuhi, mimi na karani mwenzangu Mama Mhuri, akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mechi ambayo timu yake imefungwa. Jiji limeipa kampuni binafsi kazi yote ya faini za maegesho: kuziandika, kuzituma, kuzidai. Mkataba ulisainiwa wiki iliyopita, tarehe 26. Mfagiaji alikuwa anajua. Sisi ndio tumejua leo.

Makabidhiano ni Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya hapo atabaki karani mmoja tu wa kuunganisha jiji na kampuni. Cheo: Mratibu. Kiti: cha kuzunguka! Mkuu alisema atamchagua yule ambaye hadi Ijumaa hatakuwa na barua hata moja isiyojibiwa.

Hapo nilitazama viatu vyangu.

Maana kazi yangu ni barua za kujitetea. Mtu akikuta karatasi ya faini kwenye kioo cha gari lake na akaona ameonewa, anaandika barua. Mimi naisoma, naamua asamehewe au alipe, Mama Mhuri anaigonga mhuri. Nisipoamua, faini inalala tu. Anayestahili namsamehe. Mwongo namwambia alipe. Nisiyemwelewa namweka chini ya meza. Kwa miaka kumi na mmoja nimekutana na wengi nisiowaelewa. Makasha manne. Nimehesabu: barua mia tatu na kumi na mbili.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba hali naidhibiti. Akasema udhibiti wangu anaujua, ndio uliodhibiti bomba la jikoni, likavuja tangu binti yetu yuko darasa la pili. Binti yetu sasa anatafuta chuo.

Jumanne, 5 Machi

Leo nilijaribu njia ya uaminifu. Ni ndefu mno.

Barua ya kwanza, kurasa tatu. Bwana mmoja aliacha gari katikati ya barabara ili amfuate mkewe aliyeshuka kwa hasira. Kufika ukurasa wa pili nilikuwa upande wa mke. Ya pili: kibao kilifunikwa na matawi. Amechora mti mzima, na ndege juu yake. Ndege kamtendea haki kweli.

Kisha ya mkunga. Amepigwa faini mara tatu kwa kuegesha mbele ya mageti ya watu. Mara tatu, na kila mara ndani kuna mwanamke anajifungua. Kaandika kwamba mtoto akitaka kutoka hasubiri mtu atafute maegesho. Kanuni inadai cheti cha hospitali. Lakini hao wamezaliwa nyumbani, cheti kitoke wapi? Kumnyima siwezi, kumpa siruhusiwi. Barua yake imekaa miguuni pangu miezi saba. Nimegundua imeshika alama ya soli yangu.

Hadi jioni nilikuwa nimeamua tisa. Mama Mhuri, ambaye meza yake imekuwa nyeupe tangu Jumatatu, alikunywa chai yake akinitazama, akauliza kama pale nilipo nasoma au nasali.

Njiani kurudi nyumbani, mwanga! Wasamehe wote. Kwa mkupuo! Tangu nimeanza kazi hii sijapata kuona mtu akikata rufaa kupinga msamaha.

Jumatano, 6 Machi

Kikwazo kimoja tu: mhuri. Unakaa kwenye droo ya Mama Mhuri, na ufunguo unakaa naye. Nilimwomba kwa adabu. Alikataa. Alisema mhuri si upawa, kila mwenye njaa ajichotee. Nimletee barua zikiwa na sababu, hata mstari mmoja, yeye atagonga usiku na mchana. Mstari mmoja! Mara mia tatu na tatu! Nilimwambia ana roho ya kutu. Akasema afadhali kutu, inaonyesha kuna chuma.

Mungu si Athumani. Saa sita akaja mtu wa kampuni kuhesabu makabati. Tumemwita Bwana Kitambulisho, kwa kuwa anacho shingoni hata anapokwenda msalani. Mkuu akamwita Mama Mhuri haraka awafungulie stoo. Akaondoka. Droo wazi.

Sikukurupuka. Nilifikiri. Mhuri una tarehe ya leo, na leo mkataba umeshasainiwa. Kampuni ingeweza kudai barua hizi ni zao. Basi nikazungusha vigurudumu vya tarehe nyuma hadi 25 Februari, siku moja kabla ya mkataba. Karani wa kawaida asingewaza hilo.

Nikaandika "Amesamehewa" na kugonga. Amesamehewa, ga! Amesamehewa, ga! Hadi saa nane mkono ulikuwa hauhisi kitu. Nikarudisha tarehe ya leo, nikarudisha mhuri, nikakaa kama mtu aliyekuwa amekaa.

Jioni nilitembea kwa miguu. Kila gari lililoegeshwa vibaya nililitazama kwa jicho la baba. Watu mia tatu na tatu wamelala bila wasiwasi kwa ajili yangu. Ni kweli nilikuwa nawaza kiti. Lakini mvua ikinyesha shambani, nani anauliza wingu lilikuwa linawaza nini?

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu alichungulia chini ya meza yangu, hakuona kitu, akanipa mkono. Mama Mhuri alifungua pedi yake ya wino, akaiona imekauka. Wino uliobaki ulikuwa kwenye vidole vyangu, nikashinda na mikono mfukoni.

Wa kwanza kufuata jibu alikuwa mkunga mwenyewe. Mwanamke mfupi, mwenye mkoba mkubwa, na gari aliliacha likinguruma nje. Pabaya, bila shaka. Alisoma amesimama. Nilisubiri shukrani. Akauliza kwa nini amesamehewa. Nikasema tulilichunguza suala lake kwa kina. Akauliza basi tuliona nini.

Nikakohoa.

Akasema si kwamba hashukuru. Ila wiki ijayo atakamatwa tena, maana wanawake hawaachi kuzaa, na alitaka kujua aseme nini siku hiyo. Karatasi haisemi. Akanirudishia niiweke kwenye faili, akaenda zake.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu saa tatu. Miezi saba sikumnyima, na leo nimempa, na kote sikumjibu.

Lakini kesho nina kiti.

Ijumaa, 8 Machi

Sina kiti.

Saa nne na nusu Bwana Kitambulisho alifungua kasha la kwanza. Akatoa barua, akatazama mhuri, akatazama kalenda ukutani. Akatoa ya pili. Ya tatu. Akamuuliza Mkuu kwa upole kama jiji hufanya kazi Jumapili. Mkuu akasema Jumapili hapa hata paka haji. Ndipo wote wakanigeukia.

Tarehe 25 Februari ilikuwa Jumapili!

Nilisema nilikuja, kwa ajili ya kujituma. Mkuu akauliza mbona kitabu cha getini hakina jina langu. Nikasema niliruka ukuta... Bwana Kitambulisho akaeleza kwamba uamuzi wa siku ya mapumziko ni batili, na barua isiyo na uamuzi hadi saa sita inahesabiwa kuwa mtu amekubali kosa. Faini pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Wote. Mia tatu na tatu.

Nilitarajia Mama Mhuri apige kelele. Alivuta kiti, akaongeza wino, akaniambia, "Lete. Huyu ni nani?"

Nikamwambia. Na huyu? Nikamwambia. Niliwajua wote! Mwenye mti na ndege: nilishakwenda kukiona kibao, kweli kimefunikwa. Mzee wa magongo. Dereva aliyezimikiwa na gari kwenye mataa. Mimi nasema, yeye anaandika mstari, anagonga. Tulipofika kwa mkunga nilisema tatizo ni cheti. Akauliza kama watoto wale wako hai. Nikasema wako hai. Akaandika: "Ushahidi: watoto watatu." Ga!

Kuhusu mfuataji mke, yule wa gari katikati ya barabara, tulitofautiana. Mama Mhuri alisema asubiri, mume wa namna hiyo hana dharura.

Saa sita ilipogonga zilikuwa arobaini na moja. Bwana Kitambulisho akabeba mia mbili sitini na mbili. Mstari mmoja kwa dakika mbili. Kama tungeanza Jumatatu... Nililiwaza hilo kwa muda mrefu pale dirishani, nikitazama makasha yakipakiwa, na kuna kitu kilikuwa karibu kunijia.

Kisha kikanijia: ningezungusha siku mbili zaidi, ingekuwa Ijumaa.

Mama Mhuri ndiye Mratibu. Kiti kinamzidi urefu, miguu inaning'inia. Hastahili.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeajiriwa! Na kampuni! Bwana Kitambulisho alisema hajapata kuona mtu anayewajua wadaiwa kwa moyo namna ile. Nina spika za masikioni. Kazi: kuwapigia simu wale mia mbili sitini na mbili, na kila anayeahidi kulipa, nawekewa nyota ukutani.

Hadi adhuhuri wenzangu walikuwa na nyota nne, tano. Mimi thelathini na nane!

Siri ni utu. Nampigia mtu, namuuliza hali ya nyumbani, namwambia asibishane, aahidi tu. Aahidi kwa sauti, simu inarekodiwa. Mfuataji mke aliuliza itakuwaje kama hana. Nikamwambia mimi sijamuuliza kama anacho. Akaahidi vizuri sana. Ili nisichanganyikiwe, wote nimewapangia siku moja: Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, dirisha namba mbili. Nimeangalia kalenda. Ni siku ya kazi.

Ijumaa hii picha yangu itabandikwa mlangoni. Dada wa meza ya jirani ameuliza itakuwaje hiyo Jumatano ikifika. Watu wengine hawawezi kuona mwenzao anang'aa. Nikamkumbusha kwamba ahadi ni deni. Deni ni lao. Picha ni yangu.