Wageni wa Mfangano na Spika za Nyuma

Leo nimejifedhehesha, na ningependa mlipate jambo hili kutoka kwangu kabla halijawafikia likiwa limeota mikia. Nitakayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu au niliyatenda kwa mikono yangu. Yale niliyosimuliwa baadaye nimeyaweka kando. Masimulizi si ushahidi. (Baadhi yenu niliwafundisha hilo darasani. Tafadhali msinikumbushe.)

Tulikuwa tukiwangoja watu wa kisiwa cha Mfangano waje kumposa binti yetu Akinyi. Wangevuka ziwa asubuhi hadi Mbita, kisha waje kwa gari mpaka hapa Migori. Kijana mwenyewe, Ouma, nimemchunguza mwaka mzima bila kutegemea maneno ya mtu, wala sikumwona dosari. Akinyi anampenda, hilo nalo nimelishuhudia. Palibaki wazee wake waje, niwapokee, na mama Akinyi akabidhiwe ayie, ile zawadi ya mama inayofungua mazungumzo ya mahari.

Ili wasiikute sebule imepooza, nilikuwa nimenunua runinga mpya pamoja na spika za kuizunguka sebule yote, zile ambazo vijana huziita homu thieta. Muuzaji alinishauri nimwite fundi. Nilikataa. Sifa za fundi huyo nilikuwa nimezipata kwa muuzaji tu. Nilikisoma kijitabu cha maelekezo kuanzia jalada hadi jalada, nikaziunganisha nyaya mwenyewe. Mbele spika, sakafuni wufa ya kutoa besi, na nyuma ya kiti changu spika mbili: moja dirishani, nyingine kando ya mlango. Kijitabu kilitaka ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Nilijipima. Zilikuwa usawa.

Nikaketi, nikawasha.

Sijui niwaelezeje. Kulikuwa na kipindi kuhusu ziwa fulani la mbali. Maji yalianzia mbele yangu, yakanipita miguuni, yakafika nyuma ya mabega na kutulia huko. Ndege waliitana kwenye matete upande wa dirisha. Kasia liligonga ubavu wa mtumbwi, taratibu, kama mtu anayefikiri. Mimi nilizaliwa Sindo, karibu na ziwa kiasi kwamba tulilala tukiyasikia maji. Kwa kuishi hapa kwenye barabara ya malori nilikuwa nimeyasahau. Sasa yalikuwa yamerudi, yananipumulia shingoni. Nilihisi kiti kinaelea. Niliona (sahihisho: nilidhani naona) omena wa mama, wale dagaa wadogo, wakimetameta juu ya nyavu, na yeye mwenyewe akiwageuza kwa kiganja, bila haraka, kama ambaye hajawahi kufa.

Kisha mvua ikaanza kunyesha, nyuma yangu.

Nikatoka mbio. Mke wangu alikuwa ameanika mahindi uani, nami nilikuwa nimekwisha kuliburuta turubai lake hadi ukutani alipotokea jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Akinyi, unayapeleka wapi mahindi?"

"Mvua."

Akatazama juu. Nikatazama juu. Anga lilikuwa jeupe kwa jua.

"Basi inakunyeshea wewe peke yako," alisema. "Ukimaliza kulowa, nirudishie mahindi yangu."

Niliyarudisha. Sebuleni mvua ilikuwa ingali ikinyesha.

Baada ya kipindi hicho ulifuata mchezo wa kuigiza, na ndani yake mlikuwemo mwanamume asiye na kazi ila kuwabishia hodi majirani. "Hodi!" ikatoka kando ya mlango. Niliinuka, nikakaza tai, nikafungua. Hapakuwa na mtu ila kuku. Nikaketi. "Hodi!" ikatoka tena. "Karibuni sana," nilisema, nikafungua. Kuku yule yule. Alinitazama kwa huruma.

"Baba, hiyo ni TV," Akinyi alisema kutoka jikoni, huku akijaribu kutocheka. "Wageni wakifika nitakuambia."

"Sihitaji kuambiwa. Wageni wa posa huitikiwa na baba, kwa kinywa chake. Jibu lake ndilo jibu la nyumba, wala wageni hawabembelezi."

"Sawa, Baba. Lakini tayari umeshamwozesha kuku."

Nilivua viatu, nikainua miguu juu ya kigoda, nikafumba macho. Nilikuwa sasa nimekielewa chombo changu, hakingenidanganya tena. Sauti za mchezo zilififia. Ukaja utulivu mtamu, mpana, na ndani yake lile ziwa likarudi lenyewe. (Nilimsifu mtengenezaji hata kwa utulivu ule.)

"Hodi hapa."

Sauti nzito ya mzee, kando ya mlango. Nilitabasamu bila kufumbua macho.

"Hodi wenyewe."

"Nimekujua," nilisema. "Bisha mpaka uchoke."

Spika ikakohoa.

"Mzee, tumetoka mbali."

"Ulikotoka ndiko urudi. Hapa hata uje na ng'ombe, sifungui."

Nilisikia viatu vikigeuka juu ya changarawe. Vilianzia kushoto, vikapita nyuma ya kisogo changu, vikafifia kulia kuelekea langoni. Mwanamke akasema, "Twendeni. Mtu akikataa, amekataa." Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikanguruma. Nilistaajabu. Ungeapa kwamba gari lile limo ndani ya boma langu.

Akinyi akaingia na trei ya soda.

"Baba, wageni wanaenda wapi?"

"Hao ni wa kwenye runinga."

"Runinga imezima, Baba. Stima imepotea kitambo."

Nikafumbua macho. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake nilimwona mzee mwenye tai, miguu juu ya kigoda, rimoti mkononi. Akinyi hakulia. Aliiweka trei chini polepole mno. Afadhali angelia.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu nistaafu, na mtaa mzima unaweza kulithibitisha hilo, maana ulitoka kutazama. Niliwakuta kwenye makutano ya barabara kuu, malori ya kwenda mpakani Isebania yakiwa yamewazibia njia. Nikalishika dirisha la gari kwa mikono miwili.

Mzee Okeyo, ami yake Ouma, akateremsha kioo. Ouma mwenyewe alikuwa kwenye usukani, akitazama mbele kama aliyefiwa.

"Jaduong', mzee mwenzangu," alisema kwa upole wa kutisha, "tulikusikia. Hukuwa na haja ya kutufuata ili urudie jibu lako."

"Sikuwa nikisema nanyi. Nilikuwa nikisema na spika."

"Spika."

"Ile ya nyuma. Ya kando ya mlango."

"Na hiyo spika nayo ilikuwa imekuja kuposa?"

"Imebisha hodi tangu asubuhi."

Alilitafakari jibu hilo. "Haya, turudi utuonyeshe."

Hapo nilikwama. "Stima imepotea," nilisema.

"Kwa hiyo tuyaamini maneno yako tu."

Ningekuwa mimi ndani ya gari lile, ningeondoka. Nilisimama pale nikimwona akilini binti yangu akiwa na ile trei, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwomba mtu aniamini bila ushahidi.

Ndipo shangazi yake Ouma alipoinama mbele kutoka kiti cha nyuma. "Okeyo, mtazame miguu."

Nami niliitazama. Soksi moja. Ya pili ilikuwa imebaki njiani.

"Na mkononi ameshika nini?"

Rimoti.

"Anayekataa posa hafukuzi gari akiwa na soksi moja," alisema. "Huyu hakutukataa. Amechanganyikiwa tu, na aliyechanganyikiwa tunaweza kuwa wakwe naye. Ouma, geuza gari."

Ouma aligeuza gari kwa kasi ambayo siku nyingine ningemkemea.

Walikula wakashiba. Mke wangu aliipokea ayie kwa mikono miwili, na Akinyi akacheka. Yote mawili niliyaona. Stima haikurudi hadi walipoaga. Nasikia Sindo tayari wanasema kwamba nilimfukuza mkwe na ng'ombe wake hai. Sikuwako huko, sina la kujibu. Ninaloweza kulithibitisha ni hili tu: Mzee Okeyo aliponipa mkono wa kwaheri, aliinamisha uso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.