Uso wa Mninga

Jumatatu, 3 Mei 1954. Temeke.
Miezi miwili tangu kaka Fransis afariki. Leo mjane wake, shemeji Bernadeta, kaniletea sanamu ya mwisho aliyochonga marehemu. Ni uso wa Bernadeta mwenyewe, wa mti wa mninga. Haijasuguliwa. Anaitaka Jumapili, siku ya misa ya kumwombea kaka. Kasema, "Isugue taratibu, shemeji, kwa majani ya msasa, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe." Nimeitikia. Kazi ya siku nne hiyo. Vidole vyangu havitaki.

Jumanne, 4 Mei.
Jirani Jabiri, mchongaji mwenzangu, kaishika sanamu. Kasema kazi ya marehemu haiendeshwi mbio, afadhali nimwachie yeye. Imeniudhi. Nimetafuta pipa tupu la mafuta, nikatia mchanga nusu na vijiko vyangu sita vya mpingo, nikafunga mfuniko. Nimelibiringisha hadi kisimani na kurudi, mara kumi na moja. Watu wamenicheka. Jioni vijiko vilikuwa laini, na sijashika jani hata moja.

Alhamisi, 6 Mei.
Mgongo hauinuki. Didas, muuza maji, kakubali pipa lifungwe nyuma ya mkokoteni wake, libiringike kutwa. Nimeitia sanamu. Jabiri kauliza kama najua kwamba mninga ni laini kuliko mpingo. Nimemwambia atazame kazi yake.

Ijumaa, 7 Mei.
Nimefungua pipa. Sanamu laini kama sabuni iliyotumika. Pua hakuna. Midomo hakuna. Macho yamebaki vishimo viwili. Nimepekua mchanga wote nikitafuta pua. Nimepata unga mwekundu tu.
Macho yale kaka aliyachonga akiwa hawezi tena kukaa peke yake. Mie ndiye niliyemshika mgongo. Akichoka, alikuwa akiniegemea, kisha anaendelea.
Sijala.

Jumapili, 9 Mei.
Baada ya misa nimempa shemeji sanamu, imefungwa kwenye khanga. Nilipanga kusema ni mchwa. Kafungua. Kapitisha dole gumba mahali palipokuwa na shavu, akarudia, akarudia. Nikashindwa, nikasema kweli yote.
Kaniuliza, "Hata alama za kisu chake hazikubaki?"
Nikasema hazikubaki. Kalia bila sauti. Nami nimelia. Kisha kaiweka kitandani, upande aliokuwa akilala kaka, akanikaribisha chai. Afadhali angenitukana.
Sasa nimekaa nawaza. Mti uliobaki unatosha. Pua inaweza kuchongwa upya, ndani kidogo, na macho pia. Uso wake naujua. Kesho akienda kisimani nitaichukua bila kumwambia.
Didas nimeshamwomba mkokoteni. Safari hii mchanga nitauchekecha kwanza.