Bunduki kwa Bei ya Maksai

Goodhope wa Mikumi alikuwa Magomeni, pale Kilosa, anakunywa supu ya bure. Bure, maana muuza supu alishaahidiwa ndoa. Meza ya pili mzee Malimi alikuwa analalamika.

"Nimeuliza bunduki dukani Morogoro. Bei yake niuze zizi zima, na bado kibali! Nyani wanamaliza mahindi. Wakimaliza, wanangu watakula nini?"

Goodhope akaweka kijiko chini kwa heshima. Tonge limemfuata mdomoni lenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Bei ya dukani ni wizi. Unalipia chuma, unalipia na taa za duka. Mimi ninayo ya marehemu babu."

Babu mwenyewe yu hai, anauza karanga Mikumi. Na bunduki aliyoileta Goodhope kesho yake shambani kwa Malimi, ndani ya gunia, ilikuwa bomba la maji limepigiliwa kwenye mguu wa kitanda na kupakwa dawa ya viatu.

Malimi ni mtu wa minadani. Hanunui ng'ombe bila kumtazama meno. Akachungulia mdomo wa bomba. Akaona mistari ya kufungia koki.

"Inakohoa?"

"Ikikohoa, mzee, tembo wanachuchumaa."

"Bei?"

"Maksai wawili."

"Wawili! Hata dukani wangeona aibu. Chukua Sitima, yule mwekundu."

"Mzee, unaniua."

"Kwa bunduki yako mwenyewe?"

Wakacheka, wakashikana mikono. Goodhope akaondoka akivuta kamba, anaimba, kichwani anaona bucha tu.

Celestina, mke wa Malimi, akashika kiuno. "Baba Kija, umetoa Sitima kwa bomba?"

"Nimempa amtembeze. Saa ya chumvi hii, mama. Gonga debe."

Nyumba ile ng'ombe hulamba chumvi kila jioni, na debe ndiyo kengele yao. Celestina akagonga. Goodhope hajavuka hata reli, Sitima akasimama, masikio juu. Goodhope akavuta. Sitima naye akavuta, na kati yao aliyezoea kuvuta plau ni mmoja. Goodhope akapita mashamba mawili kwa tumbo, ndipo busara ikamshauri aachie kamba.

Akafika kwa Malimi shati lote tope. "Mzee, mali yangu imekimbilia huku!"

"Mali ya nini, mwanangu?"

"Si ya ile bunduki!"

"Sema kwa sauti. Mwenyekiti wa kitongoji yuko nje ya ua anasubiri maziwa. Atakuitia polisi, nao watakuuliza kibali."

Goodhope akashusha sauti mpaka ikafika magotini. "Basi nirudishie bomba langu."

Wakati huohuo nyani wakatokeza kwenye mahindi. Malimi akaweka bomba begani, akalenga. Nyani wa huku wanawajua askari wa hifadhi, hawasubiri mlio. Wakatimka kundi zima, wenye watoto mbele.

"Sirudishi," akasema Malimi. "Ulisema kweli, dukani ni wizi. Bei yako ndiyo ya haki. Ukipata na mzinga wa marehemu bibi, lete. Sitima hajachoka."