Samaki wa Yona na Jua la Ijumaa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kuanzia sasa wajukuu watakuwa na nyumba moja tu ya kusali wakati wa likizo. Amesema Trizah, binti yetu, akiwa mlangoni anakwangua matope kwenye kiatu. Watoto wamechoka, anasema. Ijumaa na Jumamosi wako kwetu hapa Silanga, kwa Wasabato. Jumapili wako Kawangware kwa wazazi wa mumewe, ambao husali Jumapili. Wiki hii watakwenda kote kama kawaida, halafu Lavender na Brandon watachagua wenyewe. Nyumba itakayoachwa itawaona Krismasi tu.

Krismasi!

Filister, mke wangu, ameshauri tufungue Sabato kama siku zote. Nyimbo mbili, andiko, kila mtoto aombe. Nikamwambia hivyo ndivyo watu wanavyoshindwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimetembea hadi Kawangware kumjulia hali mkwe mwenzangu Munyao, baba wa mume wa Trizah. Yaani kupeleleza. Munyao ni mchongaji. Nimemkuta kati ya maranda ya mti, na mbele yake safina. Safina nzima, na paa lake! Ndovu wawili. Twiga wawili, mmoja bado hana masikio. Amesema ni ya watoto, Jumapili atawasimulia habari za Nuhu. Akaniuliza kwa heshima zote kama sisi tuna mpango wowote.

Mdogo tu, nikasema.

Mkewe Nzembi akaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitaonja kitu katika nyumba ile. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata! Yona! Munyao ana wanyama wa mti. Mimi ni mtu wa ziwa. Nitawawekea watoto mbuta halisi mezani, mzima, mdomo wazi. Nitasimulia Yona anavyomezwa, kisha samaki akatwe, akaangwe, aliwe. Macho yafurahi, tumbo lifurahi, roho ifuate.

Filister ameuliza swali moja: atapikwa saa ngapi? Jua likitua Ijumaa, Sabato imeingia, na nyumbani kwetu moto hauwashwi mpaka Jumamosi jua litue tena. Nikampangia. Watoto wafike saa kumi. Hadithi fupi. Samaki jikoni. Jua litue tukiwa tumeshanawa.

Akauliza, na nikiongea sana?

Mimi! Niongee sana!

Ijumaa, 9 Agosti

Mbuta alifika akiwa amebebwa na watu wawili. Watoto wa ploti nzima walimfuata hadi mlangoni. Brandon, ambaye ana miaka minane, alimtia mkono mdomoni mpaka kwenye kiwiko.

"Manze, Guka, huyu ni noma!"

Guka, yaani babu, ndiye mimi. Nilijua Munyao amekwisha.

Nikaanza. Yona yuko Yafa. Yona analipa nauli. Nikaona nieleze Yafa iko wapi. Dhoruba: nikainuka, nikayumba, nikamtupa Brandon kitandani, akaomba atupwe tena. Nikamtupa tena. Filister alikohoa. Nikadhani ni moshi wa stovu. Ndani ya tumbo la samaki nikaweka sala ya Yona yote, kwa sababu naijua kwa moyo. Filister akakohoa tena. Lavender, wa miaka kumi na mmoja, akanyoosha kidole dirishani.

"Guka, jua."

Filister alikuwa amekwisha kuzima stovu. Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai, samaki yuko mezani, hana hata mkato mmoja. Nilimwambia mafuta hayo bado yana moto wake, tungeweza kutosa vipande. Akasema Sabato njema.

Tumekula maandazi na githeri baridi, mahindi na maharagwe, aliyoipika mchana. Alijua! Mwanamke huyu alijua tangu Jumatano.

Tukiwa bado tunakula, Lavender akauliza kuhusu mwisho ambao sikuufikia: kwa nini Yona alinuna? Watu wa Ninawi si walitubu? Si Mungu aliwasamehe? Sasa yeye shida yake ilikuwa nini?

Nikajibu kwamba Yona alikuwa amechoka na safari.

Filister akasema Yona alitaka kuwa yeye tu ndiye mwenye Mungu. Alipoona Mungu anawapenda hata watu wa mji mwingine, akakosa raha.

Brandon akapewa zamu ya kuomba. Aliombea samaki. Aliombea Susu Nzembi, yaani bibi yake, na babu wa Kawangware, kwa majina yao. Akaomba Guka asikasirike. Kila mtu alisema amina. Hata mimi, ingawa sijui alikuwa anazungumzia hasira gani.

Jumamosi, 10 Agosti

Harufu.

Tumemfunika mbuta kwa gunia lenye maji. Haikusaidia. Asubuhi, kabla ya kanisa, nilisimama kwenye mlango wa jirani yetu Wangoi. Yeye si Msabato, na alikuwa anapepea jiko lake. Sikumwomba chochote. Mzee wa kanisa hawezi kuomba jambo kama hilo. Nilimweleza tu kwamba kuna samaki mkubwa, kwamba ni mbichi, na kwamba moto wake unawaka vizuri sana.

"Pole, Baba Trizah," akasema. "Mungu awatie nguvu." Akaendelea kupepea.

Jua lilipotua nilimzika mbuta kwenye shamba la sukuma wiki karibu na bwawa. Brandon alisema Yona alitoka katika hali nzuri kuliko samaki.

Jumapili, 11 Agosti

Kawangware. Trizah alituita sote. Safina ilikuwa mezani, twiga wote na masikio. Watoto waliingiza wanyama mmoja mmoja huku Nzembi akiimba. Ilikuwa nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha Munyao, mbele ya wote, aliniomba mimi nifunge kwa sala, akasema mkwe wake anajua kuomba kuliko yeye. Niliomba mpaka chai ikapoa. Hakulalamika. Mtu mjanja sana.

Trizah akawaambia watoto sasa wachague. Nilishika ukingo wa kiti.

Lavender akasimama. "Sisi hatuchagui. Tumechoka kutembezwa. Sasa nyinyi wazee ndio mtembee."

Munyao alicheka mpaka akakaa chini. Kabla sijafungua mdomo akasema yeye na Nzembi watakuja kwetu Ijumaa wafungue Sabato pamoja nasi, na Jumapili wasali nasi hapohapo; likizo ijayo sisi tuwafuate kwao. Watoto watatuona wote wanne, kila likizo, palepale walipo.

Kwa hiyo wanaanzia kwangu. Nimeshinda.

Jumatatu, 12 Agosti

Filister amenisihi nisome Yona sura ya nne tena, polepole, peke yangu. Nimesoma. Ni fupi, na samaki hayumo. Ndiyo maana watoto hawakuipenda.

Lakini Biblia ni kubwa. Eliya juu ya mlima! Madhabahu ya mawe, watu upande huu na upande ule, kisha moto unashuka. Mimi nitakuwa Eliya. Munyao atakaa upande wa manabii wa Baali. Ni mgeni, hawezi kukataa. Nimeshaokota mawe, na nimeagiza mkaa gunia zima.

Ijumaa, tarehe 16. Nitawasha jua likizama, ili moto uonekane vizuri.