Uvimbe wa Mzee Mbae

Jumatatu, 3 Machi
Raundi ya asubuhi. Daktari Kathure, bingwa wetu wa magonjwa ya ndani, ametangaza kwamba Ijumaa atampendekeza mmoja wetu kwa ufadhili wa kusomea ubingwa. Mmoja tu. Wodini tuko wawili tulio katika mafunzo: mimi Nyamu, mwana wa Embu, na Beverlyne, ambaye hujibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Leo amejibu hata langu. Nahitaji ugonjwa adimu. Kisukari hakimfikishi mtu popote.

Jumanne, 4 Machi
Mungu yupo! Amelazwa Mzee Mbae, mkulima wa Ruiri, hapa Meru. Moyo unaenda mbio, presha iko juu, jasho, usingizi hapati. Nikauliza pombe. Hatumii. Sigara, hapana. Muguka, yale majani ya kwetu yanayotafunwa na njugu kufukuza usingizi? Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa, akasema hajawahi kuutia mdomoni na hatautia.

Basi ni uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo. Kuna madaktari wanaostaafu bila kuuona. Nimemhamishia mzee kitanda cha pembeni na kuvuta pazia. Beverlyne alipouliza kuna nani, nikamwambia mgonjwa amelala. Mzee akamsalimia.

Jumatano, 5 Machi
Nakusanya mkojo wote wa mzee kwa ajili ya maabara. Jerikeni ilikuwa karibu kujaa, mtu wa usafi akaimwaga. Tumeanza upya. Mzee hajafurahi.

Nimegundua jambo kubwa. Mkewe, Kananu, akishamletea ndizi zake zilizofungwa kwa majani ya mgomba, mapigo ya moyo yanapanda. Uvimbe huu huchochewa na hisia. Hawa wawili wanapendana sana.

Alhamisi, 6 Machi
Janga. Kananu hakuja jana jioni, na leo mzee ameamka mzima. Akipona kabla ya raundi nitaonyesha nini? Nikampigia mama huyo simu, nikamsihi afike kesho mapema na ndizi nyingi. Akauliza kama kweli ni daktari anayesema hivyo. Nikamwambia ni sehemu ya matibabu. Alinibariki kwa muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi
Kananu alifika mapema. Mzee alitoa jasho vizuri mno. Nilieleza tezi, hisia, ndoa. Daktari Kathure alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba mzee afungue mdomo. Shavu lilijaa kijani. Chini ya mto, ndani ya majani ya mgomba, hamkuwa na ndizi hata moja. Ilikuwa miraa, ndugu wa muguka, inayokimbiza moyo vilevile. Bingwa akamuuliza kwa nini alificha.

"Sikuficha," mzee alisema. "Huyu kijana aliniuliza muguka. Muguka ni ya watu wa Embu. Mimi natumia miraa. Na hii ya leo ni yeye aliagiza."

Beverlyne amependekezwa. Mimi nimeagizwa nisisahau tena kuuliza miraa. Kilichoniuma zaidi ni vile mzee alivyolitamka neno Embu.

Jumapili, 9 Machi
Niko zamu. Amelazwa mwalimu mmoja wa Siakago, kule kwetu. Moyo mbio, presha juu, jasho, macho makavu. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nikamuuliza miraa, kama nilivyoagizwa. Aliudhika sana, akasema vitu vya Meru havigusi. Yeye hutafuna njugu tu, pamoja na majani fulani ya shambani kwake.

Ufadhili wa mwaka ujao ni wangu. Nimevuta pazia. Mkewe anakuja kesho mapema.